Ngũgĩ alivyoisahihisha riwaya yake ya ujana, na swali linalowahusu wasomaji wa Sake

Anayepata nakala ya "A Grain of Wheat", riwaya ya Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o, atazame kwanza mwaka wa chapa. Ikiwa ni ya 1967, atakuta ndani yake tendo la ubakaji. Ikiwa ni chapa iliyorekebishwa ya 1986, tendo hilo halimo. Aliyeliondoa ni mwandishi mwenyewe, alipokisoma upya kitabu alichokiandika akiwa bado hajafikisha miaka 30, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza.

Riwaya hiyo inasimulia siku chache kabla ya uhuru wa Kenya, Desemba 1963. Kijiji kinajiandaa kwa sherehe, lakini watu wanaficha waliyoyafanya wakati wa vita vya Mau Mau. Mmoja alikiri kiapo ili atoke kizuizini. Mwingine alimsaliti shujaa ambaye kijiji kizima kinamkumbuka. Yumo pia Dokta Lynd, mwanamke mzungu wa kituo cha utafiti wa kilimo, na mtumishi wake wa nyumbani ambaye baadaye anakuwa mpiganaji. Katika chapa ya kwanza mtumishi huyo na wenzake wanamuua mbwa wa Dokta Lynd, kisha wanambaka. Katika chapa ya pili anauawa mbwa tu.

Si hilo pekee lililobadilishwa. Pale palipoandikwa "chama", Ngũgĩ aliweka "vuguvugu". Neno dogo, lakini linawatenganisha wapiganaji wa msituni na wanasiasa waliokuja kushika madaraka.

Kati ya chapa hizo mbili, mwandishi alikuwa amepita mengi. Mwishoni mwa 1977 aliwekwa kizuizini mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani, baada ya tamthilia ya Kigĩkũyũ iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Akaacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, na tangu 1982 akaishi uhamishoni. Kwake, Mau Mau sasa walikuwa wakombozi walionyimwa haki yao katika historia. Kwa jicho hilo ndipo alipokirudia kitabu cha ujana wake.

Wahakiki hawakukubaliana. Wapo waliofurahi, wakisema mwili wa mwanamke usigeuzwe uwanja wa kumlipiza kisasi mkoloni. Wengine waliona kwamba mwandishi amewasafisha wapiganaji.

Kwa msomaji wa Sake, wilayani Masisi, ubishi huo si wa darasani tu. Mji huo uko karibu kilomita 25 magharibi mwa Goma, kwenye njia panda: barabara moja inapanda Masisi, nyingine inafuata ziwa kwenda Minova. Anayeshika Sake anaishika njia ya Goma, na ndiyo maana mji umepiganiwa mara nyingi. CNDP ya Laurent Nkunda ilifika mwaka 2006, M23 mwaka 2012, kisha M23 tena Januari 2025. Herufi za CNDP zenyewe zilitangaza ulinzi wa wananchi. Katika vita hivi wanawake wamebakwa na wanaume wenye silaha wa pande mbalimbali, hata waliokimbilia kambi za kandokando ya Goma, walipotoka kutafuta kuni.

Mtu anayetoka mahali kama hapo ana haki ya kuuliza: likifutwa kosa la mkombozi kitabuni, aliyetendewa anabaki wapi? Kusema kweli, chapa ya kwanza nayo haikumtendea haki Dokta Lynd. Maumivu yake yanapewa nafasi ndogo kuliko hasira ya wanaume waliomvamia. Lakini angalau ilikubali kwamba anayepigania uhuru anaweza kutenda jinai. Dawa ingekuwa kumpa mwanamke huyo kurasa zaidi, si kumwachia mbwa msiba wote.

Ngũgĩ alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Kwa wanaosoma Kifaransa, kama wengi waliopita shule za Kongo, riwaya hiyo ilitafsiriwa kwa jina la "Et le blé jaillira", ikatoka Paris mwaka 1969, miaka 17 kabla ya marekebisho. Anayeipata tafsiri hiyo anasoma maandishi ya yule kijana wa Leeds.