Punda Naye Atunzwe: Kikundi Chenu Kinaweza Kufanya Nini?

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Tunapotembelea vikundi, mara nyingi tunaona kinyume: punda hufanya kazi mchana kutwa na shukrani anayopewa ni fimbo. Hubeba maji, mahindi, kuni na mawe ya ujenzi. Jioni anafunguliwa aende kujitafutia chakula kando ya barabara. Akipata kidonda tunasema, "Aa, punda ni mgumu, atapona tu."

Hesabu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ina punda zaidi ya 1,800,000. Hesabu ya 2019 ilipata karibu 1,200,000. Sababu moja kubwa ni vichinjio vya punda vilivyofunguliwa kuanzia 2016. Ngozi zilipelekwa China, ambako huchemshwa kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Wizi ukazidi; watu wakaamka asubuhi na kukuta kamba tupu. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaondoa marufuku 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia barani kote.

Lakini punda aliyekwenda hakurudi. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Kwa hivyo mzigo wa punda aliyepotea au aliyekufa umerudi mgongoni mwa mama, na mwa msichana ambaye angekuwa darasani.

MASHIRIKA YA KUSAIDIA WANYAMA

Yako mashirika ya hisani yanayofanya kazi hii. Brooke lilianzia Cairo, Misri, ambako mwaka 1934 mama Mwingereza, Dorothy Brooke, alifungua hospitali ya farasi waliotumika vitani na kuachwa wakiteseka. Leo linafanya kazi Kenya pia, pamoja na vikundi vya wenye punda. The Donkey Sanctuary lilianzishwa Uingereza mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen, na tangu 1987 kuna kituo cha kutibu punda kule Lamu. Kipo pia chama cha hapa nyumbani, KSPCA, kinachookoa wanyama wanaoteswa, wakiwemo mbwa na paka.

Mashirika haya hayawezi kufika kila kijiji. Daktari wao akija leo, kesho anaenda kwingine, na punda anabaki na wewe. Kwa hivyo tusikae tukingojea gari la wageni.

KAZI YA KIKUNDI

(a) Mzigo. Punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 150 abebe kilo 50 tu. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji. Mitungi miwili inatosha. Minne ni kilo 80, na hapo mgongo unaumia. Weka gunia laini au blanketi kuukuu chini ya mzigo, na kamba ya nailoni isiguse ngozi.

(b) Vidonda. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kisha mpumzishe. Usipake oili chafu ya gari. Ugonjwa wa pepopunda, ambao hata jina lake lamtaja yeye, huingilia kwenye kidonda kichafu. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na samadi, na hata binadamu huugua. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo.

(c) Maji, kivuli na kwato. Anayebeba maji naye anywe maji! Mpe kila siku zaidi ya mara moja. Kwato zikirefuka zikatwe na anayejua kazi hiyo.

(d) Mfuko wa matibabu. Wanachama 20 wakitoa shilingi 20 kila wiki, kwa wiki nne mna shilingi 1,600. Mwiteni daktari wa mifugo siku moja awatibu punda wote pamoja, ili gharama ya usafiri mgawane. Mbwa nao waletwe, kama ana chanjo ya kichaa cha mbwa.

(e) Kushirikiana na shirika. Wekeni daftari la punda wenu na magonjwa yao, mchague wawili wafundishwe, mtoe kiwanja cha kliniki. Huo ni msaada mkubwa kwa shirika hata bila pesa. Mtu akija kuchanga "kwa ajili ya wanyama", aonyeshe cheti cha usajili na atoe risiti.

Kumbukeni pia kwamba kumtesa mnyama ni kosa la jinai, kwa Sheria Sura ya 360.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, kinatuagiza tumsaidie hata punda wa adui yetu akilemewa na mzigo, na kwamba punda naye apate siku ya kupumzika. Ikiwa ni hivyo kwa punda wa adui, je, huyu wetu anayelisha watoto wetu?

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, punda wangapi wana vidonda leo? Vilitokana na nini?
2. Punda akifa, nani nyumbani huchukua kazi yake?
3. Mfuko wa matibabu tuuanze lini, na nani ataweka daftari?