PawSox: Timu Iliyocheza Mechi Ndefu Kuliko Zote, Halafu Ikahama Mtaa

Ukisikia besiboli ya Marekani, labda unafikiria zile kofia za New York Yankees zimejaa mtaani, hata kwa vichwa vya wasee hawajawahi tazama mechi moja. Sasa hao Yankees wako ligi kubwa. Chini yao kuna ligi ndogo, na huko ndiko stori ya leo iko: Pawtucket Red Sox, ama PawSox, vile mafans wao walizoea kuwaita.

Hata kama hujui besiboli huchezwaje, usihepe. Swali lenyewe utalielewa haraka: timu ni ya nani? Ni ya msee anayeketi kwa baridi akiishangilia, ama ni ya yule ako na makaratasi?

Ligi ndogo hufanya kazi aje?

Ligi kubwa ya Marekani iko na timu 30. Kila moja iko na timu ndogo chini yake, zimepangwa kwa ngazi. Ngazi ya juu kabisa inaitwa Triple-A. Ukifika hapo, umebakisha hatua moja tu uomoke.

Timu kubwa ndiyo hulipa wachezaji na makocha wa ile ndogo. Ndiyo pia huamua nani anapanda na nani anashushwa. Mwenye timu ndogo kazi yake ni tikiti, chakula, uwanja na kuhakikisha viti vimejaa.

Kwa hivyo kuwa fan wa ligi ndogo si rahisi. Unazoea mchezaji moto, unamshangilia mwezi mzima, kesho unaskia ameitwa juu na hutamwona tena. Kile hubaki ni jina la timu, uwanja, na watu wa mtaa.

Mji wa viwanda, timu imesota

Pawtucket ni mji mdogo huko Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote Marekani. Ulijulikana kwa viwanda vya nguo tangu miaka ya 1790. Baadaye viwanda vikaanza kufungwa na kazi zikaenda nazo.

Uwanja wao, McCoy Stadium, ulifunguliwa 1942. Boston Red Sox wakaleta timu yao ndogo pale 1970, na kufika 1973 ilikuwa imepanda hadi Triple-A. Lakini doo haikuwa inaingia. Miaka michache tu, timu ikafilisika.

Ndipo 1977 akatokea mzee Ben Mondor. Alizaliwa Quebec, Canada, akalelewa Rhode Island, na alikuwa amepata pesa zake kwa hizo biashara za viwanda vya nguo. Akaichukua timu ikiwa imelala kabisa. Msimu huo watu kama 70,000 pekee ndio waliingia uwanjani, mwaka mzima.

Dawa yake haikuwa ya ajabu. Aliweka tikiti bei ya chini, akasafisha uwanja, na akafanya iwe mahali familia ya mfanyakazi wa kawaida inaweza kwenda bila kuogopa bili. Watoto nao wakabuni mchezo wao. Kwa sababu wachezaji walikuwa wanakaa chini ya viti vya mashabiki, mtoto anakata mtungi wa plastiki wa maziwa, anaweka mpira na kalamu ndani, anaushusha na kamba kama mvuvi. Mchezaji anatia sahihi, mtoto anavuta. Hiyo ikawa desturi ya McCoy.

Kufika 2005, watu zaidi ya 688,000 waliingia uwanjani kwa msimu mmoja. Kutoka 70,000. Piga hesabu mwenyewe.

Usiku ule haukuisha

Sasa tuingie kwa ile mechi iliwapa jina dunia nzima. Ni Jumamosi tarehe 18 Aprili 1981, kesho yake ni Pasaka. PawSox wako nyumbani dhidi ya Rochester Red Wings kutoka jimbo la New York.

Mechi ya besiboli huwa na awamu tisa. Mkitoshana, mnaongeza awamu moja moja mpaka mtu ashinde. Hakuna penalti. Usiku huo, baada ya awamu tisa, mambo ni 1-1. Wakaongeza. Wakaongeza tena. Awamu ya 21 Rochester wakapata pointi, na mafans wakafikiria sasa wanaenda kulala. Wapi! Wade Boggs wa Pawtucket akasawazisha, 2-2, safari ikaendelea.

Baridi ilikuwa noma, mpaka wachezaji wakaanza kuchoma vipande vya mbao vilivyovunjika wapate joto. Kwa kawaida ligi ilikuwa na sheria ya kusimamisha mechi usiku ukiwa mwingi, lakini kwa nakala ya marefa wale, kile kipengele hakikuwepo. Ikabidi rais wa ligi atafutwe kwa simu. Mechi ikasimamishwa saa kumi na dakika saba alfajiri, baada ya awamu 32, na hakuna mshindi. Kati ya watu 1,740 walioingia, ni 19 pekee walikuwa wamebaki. Wakapewa pasi za kuingia uwanjani bure.

Mechi ikamaliziwa tarehe 23 Juni. Wachezaji wa ligi kubwa walikuwa kwenye mgomo wakati huo, kwa hivyo waandishi wa habari wakamiminika Pawtucket. Uwanja ulijaa. Na unajua ilichukua muda gani? Dakika 18! Dave Koza akapiga mpira, Marty Barrett akakimbia hadi nyumbani, 3-2. Ukijumlisha yote ni awamu 33, saa nane na dakika 25. Hakuna mechi ya kulipwa ya besiboli imewahi kuwa ndefu hivyo.

Boggs akaja kuwa legend wa ligi kubwa. Cal Ripken Jr., aliyekuwa upande wa Rochester siku hiyo, pia. Lakini Koza, yule aliyemaliza kazi, hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kubwa. Ligi ndogo ndivyo ilivyo: unaweza kuwa shujaa wa mtaa na ngazi ikukatae.

Halafu mambo yakachacha

Mzee Mondor alifariki 2010. Mwaka wa 2015 timu ikauzwa kwa mabwenyenye waliotaka uwanja mpya. Kwanza walijaribu kuihamisha hadi Providence, mji mkuu wa jimbo hilo, mpango ukaanguka. Wakarudi kutafuta uwanja mpya Pawtucket kwenyewe, na pesa za umma zilitakiwa.

Wakaazi wengi waliogopa, na walikuwa na sababu. Rhode Island ilikuwa imeshachomeka vibaya: iliisaidia kampuni ya magemu ya Curt Schilling, nyota wa zamani wa Boston Red Sox, kupata mkopo wa dola milioni 75, na 2012 kampuni ikafilisika. Bill ikabaki kwa walipa kodi. Kwa hivyo suala la uwanja lilipofika kwa wabunge, wakavutana, wakabadilisha masharti, muda ukayoyoma.

Agosti 2018 wenye timu wakatangaza: tunaenda Worcester, Massachusetts, kama saa moja hivi kwa gari. Worcester walikuwa tayari kujenga. PawSox walifaa kuaga McCoy 2020, lakini Covid ikafuta msimu wote. Hakuna mechi ya mwisho, hakuna kuagana. 2021 timu ikaanza kucheza Worcester na jina jipya. Pawtucket nao wakapiga kura 2022 kuidhinisha pesa za kujenga shule ya upili pale uwanja ulipokuwa.

Na wale Rochester je?

Kumbuka wapinzani wa ile mechi ndefu. Rochester Red Wings walipitia ngori hiyohiyo miaka mingi kabla. Mwishoni mwa 1956, St. Louis Cardinals, waliokuwa wanamiliki timu, walitangaza wanajitoa. Mfanyabiashara mmoja wa mji huo, Morrie Silver, hakutafuta sonko wa kuinunua. Alianzisha mchango wa hisa, kama chama. Watu zaidi ya 8,000 wakanunua, na 1957 timu ikawa ya watu wa Rochester.

Tangu hapo timu kubwa zimewabadilisha: Baltimore Orioles, kisha Minnesota Twins, na tangu 2021 Washington Nationals. Wachezaji huja na kuondoka. Lakini Red Wings bado wako Rochester.

Sio ati hisa ni uchawi. Ukiwa na hisa moja hauwi bosi, na binti ya Silver, Naomi Silver, ndiye ameongoza timu kwa miaka mingi. Lakini kuna tofauti moja kubwa: hakuna tajiri anaweza kuamka asubuhi, akafunga timu kwa lori na kuondoka bila kuwauliza.

Sasa linganisha. Timu mbili, mechi moja, usiku mmoja wa baridi. Pawtucket walikuwa na mapenzi, historia na rekodi ya dunia. Walikuwa pia na mzee mzuri, na kwa miaka 33 uzuri wake ulitosha. Alipoondoka, hakukuwa na kitu kwa karatasi kilichosema timu ni ya mtaa.

Kwa hivyo ukiwa na timu unayoipenda, ya mpira, basketi ama chochote, uliza mapema wakati mambo bado ni fiti: nani ako na makaratasi, na ako na mpango gani? Ukingoja mpaka lori lifike getini, umechelewa.