Je, Wajua? Safari ya Talaka Haianzii Mahakamani

Je, wajua kwamba Tanzania Bara huwezi kutoka nyumbani na hasira zako ukaenda moja kwa moja kufungua shauri la talaka? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakupitisha kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Na imeagiza kila kata iwe nalo!

Barazani utamkuta mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Wakili wako je? Mwache nje! Hapo wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Ukitaka wa kukusemea bila kuomba ruhusa, ni mtu wa familia yako tu.

Upatanishi ukishindikana, unapewa Fomu Na. 3, hati inayothibitisha kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Itunze, ndugu msomaji, ila usiisahau kabatini. Ikipita miezi 6 hujafungua shauri, imekwisha muda!

Na wapo wanaoliruka baraza kihalali, ulijua hilo? Mwenzako ametokomea na hajulikani aliko, amefungwa miaka 5 au zaidi, au ameitwa barazani akagoma kwa makusudi. Hapo mlango wa mahakama uko wazi.

Mmefunga ndoa mwaka jana? Subiri kidogo! Kabla ndoa haijatimiza miaka 2, huombi talaka mpaka mahakama ikupe kibali cha kuiomba. Na kibali hicho hutoki nacho bila kuonyesha kwamba unapata taabu isiyo ya kawaida.

Haya, shauri linafunguliwa wapi? Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu, zote 4 sheria imezipa mamlaka! Yaani ile Mahakama ya Mwanzo iliyo jirani na sokoni, ambako kila kitu husemwa kwa Kiswahili, inaweza kuivunja ndoa yako.

Je, wajua kwamba talaka iliyoandikwa kwenye karatasi nyumbani, peke yake, haijavunja ndoa mbele ya sheria ya Bara? Hata ndoa ya Kiislamu huhitaji amri ya mahakama. Talaka iliyotolewa baada ya baraza kushindwa kusuluhisha ndiyo mahakama huipokea kuwa ushahidi kwamba ndoa imekufa.

Huna cheti cha ndoa? Usikate tamaa! Mkikaa pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakawajua kuwa ni mume na mke, sheria inawachukulia kuwa mmeoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hata ndoa hiyo isipothibitika, mahakama bado inaweza kuamuru matunzo.

Sasa sikia hii, mama unayeamka alfajiri kuwasha jiko! Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Huhitaji risiti ya saruji ili uwe umechangia nyumba!

Lakini shika moyo: mwanamke wa kesi hiyohiyo hakuambulia kitu. Mumewe alikuwa amempa pesa za kuanzisha biashara ya familia, naye akazitumia vibaya, basi mahakama ikaona fungu lake amekwishalila. Umeona jinsi kila shilingi inavyohesabiwa?

Watoto je? Aliye chini ya miaka 7 sheria inaanza kwa kudhani atafaa zaidi kukaa na mama. Dhana hiyo hupingika, kwa hiyo baba mwenye hoja na ushahidi husikilizwa.

Na nani kasema matunzo ni ya mke peke yake? Mume aliyeshindwa kujipatia riziki kwa sababu ya ugonjwa au kuumia anaweza kutunzwa na mkewe, hata aliyeachana naye, kwa amri ya mahakama. Hilo limo kwenye sheria tangu 1971!

La mwisho, na hili uliandike ukutani. Hukumu ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi isipokuridhisha, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na rufaa yenyewe unaipeleka palepale ilipotoka hukumu. Anza kuhesabu siku hiyohiyo hukumu inaposomwa!