Hina Iliyomo Ndani ya Mjozi

Msomaji mmoja anayeishi Maskati, mzaliwa wa Unguja, ametuandikia kuhusu meza yake. Aliinunua ikiwa na kahawia iliyokolea kama chokoleti, akahakikishiwa dukani kuwa ni wolnati halisi ya Marekani, akaiweka karibu na dirisha. Sasa upande unaopigwa na jua umepauka na kuelekea rangi ya asali, lakini pale palipofunikwa na kitambaa pamebaki vilevile. Anauliza: "Kabati la mvule la marehemu bibi lilizidi kukolea kadiri miaka ilivyokwenda. Mbao gani hii inayokwenda kinyume? Au nimeuziwa rangi?"

Ndugu yangu, dalili unazozieleza ndizo hasa za mbao ya kweli.

Wolnati ni jina la madukani. Kwa Kiswahili mti huu ni mjozi na tunda lake ni jozi. Uliokupa meza, kama muuzaji alisema kweli, ni mjozi mweusi, Juglans nigra, wa misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini. Nduguye, Juglans regia, anatoka Asia ya Kati na kufika hadi kusini mashariki mwa Ulaya, na ndiye anayetoa jozi nyingi tunazokula.

Sifa za kiseremala nitazipitia mbiombio, maana kila kitabu cha mbao kinazo. Mjozi mweusi mkavu una uzito wa kilo 610 hivi kwa mita moja ya ujazo, takriban nusu ya mpingo. Haukaidi randa wala patasi. Tena hauchezi sana: kutoka ubichi hadi ukavu kamili mbao husinyaa asilimia 7.8 kwa kufuata pete za mti, na asilimia 5.5 kwa kuelekea katikati ya shina. Mwaloni mweupe wa Marekani husinyaa asilimia 10.5 na 5.6. Pande mbili zikipishana kidogo tu namna hiyo, ubao haupindi ovyo, na hicho ndicho walichokitaka watengeneza silaha. Vitako vya bunduki nyingi za jeshi la Marekani, ikiwemo M1 Garand, vilichongwa kwa mjozi, na mwaka 1918 maskauti wa nchi hiyo waliombwa wazunguke mashambani kutafuta mijozi iliyosimama, kwa ajili ya vitako na panga za eropleni. Waingereza nao walikuwa na enzi nzima ya samani za mjozi, mpaka baridi kali ya mwaka 1709 ilipoua mijozi mingi ya Ufaransa, na baadaye mahogani ikachukua nafasi.

Ninachotaka kukaa nacho leo ni rangi.

Ukitazama gogo la mjozi lililokatwa karibuni utaona mbao mbili katika shina moja. Ukanda wa nje ni mweupe unaokaribia maziwa. Ndani yake, ghafla, bila kufifia polepole, inaanza kahawia yenye wekundu na zambarau: huo ndio moyo wa mti. Ukanda mweupe uko kazini, unapandisha maji kutoka mizizini hadi majanini. Moyo haupandishi kitu. Katikati ya mirija ya ukanda mweupe kuna seli zilizo hai, zinazohifadhi wanga. Wanabotania huziita parenkima, neno lisilomwambia chochote mtu asiyelisomea. Mimi naziita seli-ghala. Nilifikiria pia seli-akiba, lakini akiba ni kile kinachowekwa, na hizi ndizo zinazoweka.

Katika seli-ghala za mjozi mna kitu kingine zaidi ya wanga. Mna haidrojugloni, molekuli ndogo iliyofungwa pamoja na sukari ya glukosi. Ikiwa imefungwa hivyo haina rangi, na ndiyo maana ukanda wa nje ni mweupe. Kila mwaka, mara nyingi majani yanapokaribia kupukutika, seli-ghala zilizo mpakani mwa moyo hufa. Hazifi kwa ajali. Ni mti wenyewe unaozifunga kazi. Wanga huisha, kuta za ndani zilizotenganisha kemikali moja na nyingine huvunjika, na vimeng'enya vilivyokuwa mbali na haidrojugloni huifikia na kuikata ile sukari. Haidrojugloni iliyoachwa huru hukutana na oksijeni na kugeuka jugloni, nayo hushikana na kemikali nyingine za jamii ya fenoli mpaka kupatikana michanganyiko mikubwa ya kahawia inayolowanisha kuta za seli zilizokufa. Hapo moyo wa mti umeongezeka unene, na fangasi hawauli kwa urahisi.

Kila aliyewahi kukaa mkekani akingoja hina ikolee ameshauona mchakato huu mikononi mwake. Jani la mhina ni la kijani, na unga wake ni wa kijani. Nyekundu haionekani popote. Imo, lakini imefungwa na sukari. Mpambaji huchanganya unga na maji ya ndimu, hufunika bakuli na kuliacha. Hafanyi hivyo kwa mazoea tu: ndani ya bakuli, majimaji na ukali wa ndimu vinaitenganisha sukari na molekuli iliyofichwa, kazi ileile inayofanyika mpakani mwa moyo wa mjozi seli inapokufa. Kisha hujipaka kidogo kiganjani kuona kama imeachia. Kilichoachia hukutana na oksijeni na kuwa lawsoni, ndiyo rangi ya hina. Biharusi anabanduliwa hina akiwa na rangi ya chungwa, na mama zake hawana wasiwasi, wanajua kesho yake na kesho kutwa itakolea hadi kahawia, kwa sababu oksijeni haijamaliza kazi yake.

Sasa lililonifurahisha kuliko yote. Hesabu atomi za lawsoni ya hina: kaboni 10, haidrojeni 6, oksijeni 3. Hesabu za jugloni ya mjozi: kaboni 10, haidrojeni 6, oksijeni 3. Ni vipande vilevile, kwa idadi ileile. Tofauti ni mahali ulipopachikwa mkono mmoja tu wa oksijeni na haidrojeni. Kichaka cha nchi za joto kali na mti mkubwa wa nchi za theluji, ambao hawana undugu wa karibu, wamefika kwenye molekuli pacha, na kila mmoja akaificha kwa sukari. Anayetaka ushahidi amenye ganda la kijani la jozi mbichi kwa mikono mitupu. Vidole vitapata kahawia isiyotoka kwa sabuni.

Wenye viwanda vya mbao Marekani wanaitumia kemia hii. Ukanda mweupe haupendwi na wateja, kwa hiyo mbao mbichi hufungiwa katika chumba cha mvuke wa moto kwa siku kadhaa. Joto na unyevu vinafanya katika ukanda mweupe kile ambacho mti ungekifanya kwa miaka, na weupe unageuka kahawia. Mafundi wengi wa samani za mkono hawaupendi mvuke, kwa kuwa moyo nao unapoteza wekundu wake na zambarau, wote unakuwa rangi moja iliyopooza. Nakubaliana nao. George Nakashima, fundi wa Pennsylvania aliyefariki mwaka 1990, aliuacha ukanda mweupe uonekane pembeni mwa meza zake za mjozi, na hakuna aliyeona kasoro.

Sasa turudi dirishani Maskati. Mvule uliopasuliwa karibuni ni wa manjano. Mwanga na hewa huendelea kutengeneza rangi ndani yake, ndiyo maana kabati la bibi lilikolea. Mjozi umeshaimaliza kazi hiyo ukiwa bado msituni. Mwanga ukiupiga hauna cha kuongeza, unavunja tu michanganyiko ya kahawia iliyokwisha kujengwa, na mbao inarudi kwenye asali. Vanishi hupunguza kasi, haizuii.

Kabla ya kufanya lolote, itazame meza yako kwenye ncha, pale ubao ulipokatwa. Mistari ya juu ikiendelea kushuka hadi kwenye unene wa ubao, ni mjozi mtupu. Ukiona tabaka jembamba juu ya kitu kingine, ni mjozi uliobandikwa, na hapo msasa ni hatari kwa sababu unaweza kulitoboa. Kama ni mtupu, basi kilichopauka ni ngozi ya juu tu, chini ya milimita moja. Msasa laini na mafuta ya mbao vitairudisha kahawia, kisha isogeze mbali na dirisha au weka pazia zito. Fundi akishauri aipige rangi juu yake, mkatalie.