Nilikosa Ajira ya Serikali Mara Tatu: Namna Nilivyoijenga Upya Kazi Yangu

Karibu kila familia ya Kitanzania iliyoko ughaibuni ina mtu nyumbani anayesubiri majina. Ni mdogo wako, mpwa wako, au mtoto wa jirani uliyemsaidia ada. Amemaliza chuo, ameomba kazi serikalini, ameitwa kwenye usaili, na sasa kila jioni anafungua tovuti kuangalia kama orodha imetoka. Wewe uliye Muscat, Doha, Birmingham au Minneapolis unazijua habari zake vizuri, maana nauli ya kwenda kwenye usaili huo ilitoka mfukoni mwako.

Mimi nilikuwa mtu huyo kuanzia 2014 hadi 2018. Nilifanya usaili wa utumishi wa umma mara tatu, kwa nafasi za uhasibu na ukaguzi wa hesabu, na mara zote tatu sikupata. Leo ni mhasibu wa kampuni ya biashara hapa Muscat, na mdogo wangu wa mwisho ndiye anayesubiri majina. Nimekaa pande zote mbili za simu: upande wa anayeomba nauli na upande wa anayeituma. Haya ninayaandika kwa ajili ya pande zote mbili.

Mlango ni mwembamba kiasi gani

Kwa wasomaji mlioondoka nyumbani zamani, mambo yamebadilika. Ajira nyingi za Serikali sasa hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Mwombaji hujisajili mtandaoni kwenye Ajira Portal, huweka vyeti vyake na namba ya NIDA, kisha husubiri kuitwa. Akiitwa, huanza na usaili wa mchujo, ambao ni mtihani wa kuandika. Anayevuka huendelea hadi mahojiano, na baadhi ya kada huwa na usaili wa vitendo pia. Nauli, chakula na malala ni juu ya msailiwa mwenyewe. Hata walimu, ambao zamani walipangiwa vituo moja kwa moja, siku hizi wanafanya usaili.

Wengi mnaikumbuka picha ya Juni 2014, pale Idara ya Uhamiaji ilipofanya usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walifika watu zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 100,000.

Fanya hesabu ya darasa la saba. Nafasi 70 kwa watu 10,000 ni mtu mmoja katika kila 143 hivi. Hata kama wote 10,000 wangekuwa hodari kupita kiasi, 9,930 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Hesabu hii haiwafikii wazazi wetu, na mara nyingi haimfikii hata kijana mwenyewe. Wao wanaona jina limekosekana, basi wanasema mtoto ameshindwa.

Mara tatu

Usaili wangu wa kwanza ulikuwa 2014, nikiwa na mwaka mmoja tangu nimalize shahada ya uhasibu. Nilipata 47. Mwaka uliofuata nikapata 63, nikaanza kushangilia, hadi nilipoona kwamba aliyechaguliwa wa mwisho alikuwa na 68. Juni 2016 Serikali ikasimamisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na sisi wa kusubiri tukabaki tunasubiri. Mara ya tatu, mwaka 2018, nilivuka mchujo nikafika kwenye mahojiano. Nilitoka chumbani nikiwa na matumaini makubwa. Orodha ya waliopangiwa vituo ilipotoka, jina langu halikuwamo.

Baba yangu ni karani mstaafu wa halmashauri mkoani Tanga. Kwake yeye, kazi ni ya serikali, nyingine zote ni vibarua. "Mwanangu," aliniambia, "kazi ya serikali hata ukiugua mshahara unaingia, na ukizeeka kuna kiinua mgongo." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema alichokiishi. Lakini kila harusi niliyokwenda, shangazi mmoja aliniuliza mbele za watu, "Bado tu hujapata?" Ikafika mahali nikawa naosha vyombo jikoni shughuli nzima ili nisikae ukumbini.

Mitihani ya aina mbili

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mhasibu niliyekuwa nikimsaidia kazi ndogondogo. Aliniambia kwamba mitihani duniani iko ya aina mbili. Upo mtihani wa ushindani, ambao matokeo yako yanategemea wenzako ni wangapi na nafasi ni ngapi. Na upo mtihani wa kufuzu, ambao ukifikisha alama umefaulu, hata kama mmefikisha watu elfu tano siku hiyo hiyo. Kisha akaniuliza, "Wewe miaka hii yote umefanya wa aina gani?"

Nilikuwa nimefanya wa aina moja tu. Nikajisajili kwenye mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, inayofanyika kila Mei na Novemba. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa baadhi ya masomo, kwa hiyo sikuanzia chini kabisa. Na jambo lililonishangaza ni kwamba yale niliyoyasoma kwa ajili ya usaili, viwango vya uhasibu, taratibu za ukaguzi, sheria za kodi, yote yalinifaa. Madaftari yaleyale niliyotaka kuyachoma moto ndiyo niliyosomea. Nilirudia masomo mawili, na Novemba 2019 nikamaliza. CPA ikawa yangu, na haikuhitaji mtu mwingine aikose ndipo niipate mimi.

Wasomaji kutoka Kenya mna KASNEB kwa kazi hiyo hiyo. Kwa fani nyingine zipo bodi za wahandisi, za wanasheria, za ununuzi na ugavi, za wauguzi. Kila anayesubiri majina ajiulize: katika fani yangu, mtihani wa kufuzu ni upi?

Kariakoo, chuo kisicho na mahafali

Mitihani inahitaji ada, na mimi sikuwa na mshahara. Nikaingia Kariakoo. Duka la kwanza lilikuwa la vitenge, Mtaa wa Kongo. Mwenye duka alikuwa na risiti kwenye mfuko wa rambo na deni la mali kauli analolikumbuka kichwani. Nilimpangia daftari, nikalinganisha mauzo ya mashine ya EFD na pesa iliyoingia benki, nikamtayarishia ritani ya VAT kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi. Alinilipa 80,000. Akamwambia jirani yake, na jirani akamwambia shemeji yake. Mwaka ulipoisha nilikuwa na maduka manne kwa mwezi, yaani 320,000.

Haikuwa pesa ya kujenga. Lakini ilinilipia ada ya mitihani, na ilinifundisha vitu ambavyo hakuna usaili ulioniuliza: kumwambia mfanyabiashara mkubwa kwamba hesabu yake haijakaa sawa bila kumvunjia heshima, kutafuta shilingi 15,000 iliyopotea hadi saa nne usiku, kuelewa mzigo unavyotoka bandarini mpaka unafika rafuni. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kariakoo ndiyo iliyokuwa pwani yangu.

Kilichonileta Muscat

Oman ilianza kutoza VAT tarehe 16 Aprili 2021, kwa asilimia 5. Walianza na kampuni kubwa, kisha za kati, na wale wa mwisho, wenye mauzo ya kuanzia riali 38,500 kwa mwaka, wakaingia tarehe 1 Aprili 2022. Wafanyabiashara wengi wa hapa hawakuwahi kujaza ritani ya VAT maishani mwao. Sisi tuliokulia kwenye biashara za Tanzania tumeishi na VAT tangu 1998, na kwa kiwango cha juu zaidi.

Mmoja wa wateja wangu wa Kariakoo alikuwa na ndugu zake hapa, Waomani wenye asili ya Unguja, wenye kampuni ya kuuza viungo na vyakula. Walihitaji mhasibu anayeijua VAT kwa vitendo, mwenye cheti cha bodi, na anayeweza kuongea Kiswahili na wazee wa kampuni. Niliingia Muscat Februari 2022. Hapa ritani nyingi hujazwa kila miezi mitatu, na unapewa siku 30 baada ya kipindi kuisha. Kwa mtu aliyezoea kukimbizana na tarehe 20 ya kila mwezi, huo ni mteremko. Kigumu kilikuwa Kiarabu. Changu kilikuwa cha madrasa, na cha ofisini nimekiokota neno kwa neno.

Sitaki mtu adhani kwamba Ghuba ni jibu la kila aliyekosa ajira. Oman hutenga baadhi ya kazi kwa raia wake, na orodha hiyo hubadilika. Kabla hujamlipa mtu yeyote chochote, hakikisha kazi yako haimo, na hakikisha mkataba unataja cheo chako halisi. Ninawajua dada zetu wenye diploma walioletwa kwa ahadi ya ofisi wakaishia kufanya kazi za ndani. Nilipona kwa sababu nilikuja na cheti, uzoefu, na mtu anayenijua aliyesimama katikati.

Na kiinua mgongo alichokisema baba? Nachangia mwenyewe NSSF kwa mpango wa hiari, kila mwezi, kabla ya matumizi mengine. Nilipomtumia taarifa ya michango yangu, baba aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha ya hati ya shamba. Hakusema kitu. Kwa anayemjua, hilo lilitosha.

Mdogo wangu

Sasa zamu imegeuka. Mdogo wangu ana shahada ya ualimu, masomo yake ni hesabu na fizikia. Ameshafanya usaili mara mbili. Mwaka huu aliponipigia, alianza na salamu ndefu kuliko kawaida, nikajua. "Dada, nauli tu na ya kulala siku mbili. Safari hii nitapata."

Kumnyima ni kumkatia mlango ambao huenda ukafunguka. Kumtumia kila mara bila mazungumzo ni kumlipia kodi ya chumba cha kusubiria. Tukakubaliana hivi: nitalipia usaili mara mbili zaidi, nauli na malazi, bila maswali. Katika muda huo huo atafundisha hesabu shule binafsi, hata kwa mshahara mdogo, na jioni atakuwa na wanafunzi wake wa tuisheni. Kila mwezi ananitumia idadi ya wanafunzi. Alianza na wanne. Mwezi uliopita walikuwa kumi na tisa, na mzazi mmoja amemwomba amfundishe mtoto aliye Dubai kwa njia ya video.

Hadi naandika, majina hayajatoka. Nikisema sijali nitakuwa mwongo. Ninafungua tovuti ile jioni kama yeye. Nataka apate. Ila najua kwamba akikosa, kesho yake saa kumi na moja jioni watoto kumi na tisa watamsubiri na madaftari yao.

Kama una mtu anayesubiri

Kwa wanafunzi mlioko nje mnaofikiria kurudi: kama cheti chako ni cha chuo cha nje, kipeleke kikahakikiwe na mamlaka husika nyumbani, TCU kwa shahada, kabla tangazo la kazi halijatoka. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida ukomo wa umri kwa waombaji wapya ni miaka 45. Pigia hesabu tiketi ya ndege, maana usaili wenyewe utajigharamia.

Kwa mnaotuma nauli: mwulize kijana maswali mawili, kwa upole. Umebakiza usaili wa mara ngapi kabla hatujakaa upya? Na wakati unasubiri, mikono yako inafanya nini? Asipokuwa na jibu la pili, msaidie kulipata. Shilingi laki mbili za ada ya mtihani wa kufuzu zinaweza kufanya kazi kuliko nauli tano.

Na wewe uliyekosa mara nyingi kama mimi: zile saa ulizosoma hazikupotea. Ziko kichwani mwako, na kuna mtu mahali fulani, dukani, shuleni au bandarini, anayehitaji kitu hicho hicho unachokijua. Anza na mmoja. Mwekee hesabu zake sawa. Atamwambia jirani yake.