Mdudu wa Kahawa Aliyetafutiwa Tiba Bara Lisilo Lake

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mibuni ya nyanda za juu za Kenya ilianza kuvaa weupe. Kwenye maungio ya matawi na katikati ya vishada vya buni kulijazana vidudu waliofunikwa kitu kama unga wa sembe. Majani yaliyokuwa chini yao yalinata, kisha yakaota ukungu mweusi, na mavuno yakaporomoka. Walikuwa ni wale wadudu ambao leo mabwana shamba huwaita vidung'ata, jamii mojawapo ya wadudu gamba. Lakini vidung'ata ni wengi, na serikali ya kikoloni ilihitaji kujua ni yupi hasa. Jibu ililolipata ndilo lililoichelewesha tiba kwa zaidi ya miaka kumi.

Kwanza ilisemekana ni Planococcus citri, kidung'ata wa michungwa aliyeenea karibu dunia nzima. Baadaye ikasemwa hapana, ni Planococcus lilacinus, mwenye asili yake Asia. Kwa mwenye shamba, majina hayo ya Kilatini huenda yalikuwa mambo ya wasomi tu. Ila kwa aliyetaka kumdhibiti mdudu kwa kumletea adui wake, jina lilikuwa ndiyo dira. Mdudu mgeni hustawi kupita kiasi kwa sababu amewaacha nyuma wanaomla na wanaotaga mayai mwilini mwake. Ukishajua kwao ni wapi, unakwenda huko kuwachukua. Basi jina likisema Asia, safari ni ya Asia.

Maadui wakaletwa kutoka mbali, wakaachiwa mashambani, na vidung'ata wakaendelea kama kawaida. Nyigu wadogo wanaoishi kwa kuwashambulia vidung'ata huchagua sana: aliyezoea spishi moja anaweza kumkataa jirani yake kabisa, au akataga yai ambalo mwili wa mdudu huyo utalizingira na kuliua. Wakulima hawakukaa kungoja. Walipaka mkanda wa grisi inayonata kuzunguka shina la mbuni ili sisimizi wa jenasi ya Pheidole wasipande. Sisimizi hao huwalinda vidung'ata kwa ujira wa majimaji matamu wanayoyatoa, na huwafukuza wadudu wengine wanaokuja kuwala. Mkanda ulisaidia, lakini hebu fikiria kuupaka kila mti, shamba zima, na kuurudia kila ulipokauka au kufunikwa na vumbi.

Kwa nini wataalamu walikosea? Ukimtazama kidung'ata akiwa hai, hata kwa lenzi nzuri, huoni mengi. Jike ni mviringo wa yai, urefu wake ni milimita chache, hana mabawa, na kichwa, kifua na tumbo vimeungana kiasi kwamba ni vigumu kusema kimoja kinaishia wapi. Miguu anayo, na hapo anatofautiana na wale wadudu gamba wenye ngao ngumu, ambao jike wao hupoteza miguu mara tu anapojivua ngozi ya kwanza, kisha hukaa papo hapo chini ya ngao yake mpaka afe. Mdomo wa kidung'ata ni nyuzi laini kama nywele, zilizobanana zikawa mrija mmoja. Huuchomeka ndani ya mmea mpaka kwenye mishipa inayopitisha sukari, na usipotumika hukunjwa ndani ya mwili. Utomvu huo una sukari tele na protini kidogo, kwa hiyo inambidi afyonze mwingi ili ashibe, na sukari inayozidi aitoe nyuma. Hayo ndiyo majimaji ambayo sisimizi huyafuata na ukungu mweusi huyaotea.

Dume ukimwona hutadhani ni ndugu yake. Ana jozi moja ya mabawa, ana nyuzi ndefu za nta mkiani, na hana mdomo wa kulia. Akishakuwa mkubwa hali chochote. Humtafuta jike kwa siku chache alizopewa, kisha hufa. Mtaalamu humpata kwa nadra, ndiyo maana uainishaji wa kundi hili zima umejengwa juu ya mwili wa jike.

Na si mwili ule mweupe. Huyo jike hutobolewa, hupashwa moto ndani ya maji ya potasi kali mpaka matumbo yote yayeyuke, huoshwa nta yote, hutiwa rangi nyekundu, kisha hulazwa juu ya kioo chembamba na kufunikwa kwa gundi ya zeri. Kinachobaki ni ngozi tupu inayopenya mwanga. Hapo chini ya hadubini ndipo kazi inapoanza, na ni kazi ya kuhesabu. Pembezoni mwa mwili wa vidung'ata wa jenasi ya Planococcus kuna jozi 18 za vituo vidogo vyenye miiba, ambako huchipuka zile ncha za nta tunazoziona kama pindo. Mgongoni kuna jozi mbili za mipasuko inayoweza kutoa tone la majimaji mdudu anapobughudhiwa, na tone hilo huganda mdomoni mwa mshambuliaji. Ngozi imetapakaa vitundu. Vipo vyenye pembe tatu, vinavyotoa nta ya unga. Vipo vya duara vyenye vyumba vingi, hasa karibu na njia ya uzazi. Tena kuna mirija midogo inayofuma nyuzi za mfuko wa mayai. Idadi ya vitundu na mirija hiyo, na mahali vilipokaa, ndivyo vinavyotenganisha spishi na spishi.

Hata hivyo hesabu yenyewe inaweza kudanganya. Mwaka 1983 mtafiti Jennifer Cox alionyesha kwamba vidung'ata wa spishi ileile, wakilelewa katika viwango tofauti vya joto, hutoka na maumbile yanayotofautiana chini ya hadubini. Aliyewahukumu kwa hasira watu wa miaka ya 1920 na apunguze hasira.

Aliyekata fundo alikuwa R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Kenya. Mwaka 1935 alimtangaza mdudu wa kahawa kuwa spishi mpya kwa sayansi na kumwita Pseudococcus kenyae. Baadaye alihamishiwa Planococcus, jenasi iliyoanzishwa na Ferris mwaka 1950. Jina lilipobadilika, ramani nayo ikabadilika. Mdudu hakuwa wa Asia. Alikuwepo Uganda, jirani tu, akiishi bila kelele kwa sababu huko nyigu walikuwa wakimpunguza. Mwaka 1938 nyigu wa jenasi ya Anagyrus waliletwa Kenya kutoka huko magharibi, wakaachiwa kwenye mibuni, na tatizo lililosumbua kwa miaka 15 likaanza kufifia. Makadirio yaliyotolewa mwaka 1959 yalisema kahawa iliyookolewa ilikuwa na thamani ya pauni milioni 10, kwa gharama isiyozidi pauni 30,000. Sijui dawa ya kupuliza yenye hesabu kama hiyo.

Ungedhani somo lilieleweka. Miaka ya 1970 mwanzoni, kidung'ata mwingine alizuka kwenye mihogo ya Kongo na kusambaa Afrika. Danièle Matile-Ferrero alimwelezea mwaka 1977 kwa jina la Phenacoccus manihoti. Watafutaji walikwenda kaskazini mwa Amerika Kusini, wakapata kidung'ata wa muhogo anayefanana naye, wakachukua maadui zake, nao wakashindwa. Yule wa kaskazini alikuwa spishi nyingine, iliyokuja kuitwa Phenacoccus herreni mwaka 1981. Dalili moja haikuhitaji hata hadubini: wale wa Afrika ni majike watupu wanaozaa bila dume, hali wa kaskazini wanahitaji madume. Manihoti halisi alionekana Paraguay mwaka 1981, na nyigu aliyekuwa naye, Anagyrus lopezi, alianza kuachiwa Nigeria mwaka huohuo. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kidung'ata wa mipapai, Paracoccus marginatus, alikuta mambo tofauti. Vielelezo vyake vya kwanza vilichukuliwa Mexico mwaka 1955 na kukaa kwenye makusanyo mpaka mwaka 1992, alipoelezewa na kupewa jina. Alipoanza kuvuka bahari, swali la kwao ni wapi lilikuwa limeshajibiwa, na nyigu wake akatafutwa Mexico moja kwa moja. Miaka ya 2010 alifika pwani yetu na kuharibu mipapai ya Kenya na Tanzania. Anayetaka kumtambua ana bahati isiyo ya kawaida katika ukoo huu: vidung'ata hawa wakitumbukizwa kwenye spiriti, baada ya muda hugeuka rangi ya bluu iliyokaribia weusi. Hiyo ni dalili ya kwanza tu, na kioo cha maabara bado kinahitajika, lakini inamwezesha bwana shamba kujua ni chupa gani ipelekwe mbele haraka.