Vazi la Ngozi la Wanawake wa Kiiraqw

Wairaqw wa Mbulu, ambao wengine huwaita Wambulu, wasema lugha ya Kikushi, isiyo na udugu na Kiswahili. Zamani wanawake wao walivaa sketi za ngozi zilizolainishwa, zikatiwa nakshi za shanga. Ngozi ilitoka zizini mwao. Shanga za kioo zililetwa na wafanya biashara toka pwani.

Tena halikuwa vazi la kusitiri mwili tu. Wasichana walitawishwa katika unyago uitwao marmo, wakafunzwa na wanawake wazima. Humo walishona sketi zao, na siku ya kutoka walizivaa mbele ya watu. Marmo ilipokoma wakati wa ukoloni wa Waingereza, ushonaji huo ulipoteza chuo chake.

Leo baadhi ya sketi hizo zimo katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Jumba laweza kutunza ngozi na shanga. Lakini jina la nakshi na maana yake hukaa vinywani mwa mabibi. Basi na tuyaandike maneno yao, kwa Kiiraqw kwanza, kisha kwa Kiswahili, wangali hai wenye kuyajua.